Utani Ndani ya Daftari la Polisi

Josepha aliambiwa na polisi kwamba mumewe ameungama.

Aliyemwambia ni Konstebo Wenceslaus, kijana wa Bukoba mwenye kaptura iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe, na jicho la kushoto lililovimba likafumba. Ilikuwa siku ya pili baada ya ajali. Josepha alikuwa ametembea maili kumi na moja tangu alfajiri, mtoto mgongoni, kuja kuuliza kama mwenye pikipiki ameshafungwa. Konstebo hakulijibu swali hilo. Alifungua daftari, akalamba kidole, akafunua kurasa, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma waraka kanisani:

"Mpita njia, Shomari fundi bati, alimwambia majeruhi, 'Wewe Mnyamwezi, umelewa wanzuki tena ukaivamia pikipiki ya watu.' Majeruhi, Tobias Ngollo, akajibu, 'Kweli nimelewa, na pikipiki nimeigonga mimi. Nikifa, kaburi atachimba huyuhuyu Mzaramo.'"

Josepha akacheka. Hakukusudia. Alikuwa hajalala siku mbili, hajala cha maana, na ghafla akaisikia sauti ya mumewe ikitoka ndani ya daftari la serikali, yeye na Shomari wakirushiana maneno kama wanavyorushiana kila siku ya gulio. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Konstebo akafunga daftari.

Akajaribu kueleza. Alisema Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, na kule pwani wakipokewa kwa matusi na wali. Mzaramo akikukuta umevunjika mguu hakwambii pole. Anakuchamba, na wewe unamjibu. Ukinyamaza au ukinuna, umemkosea. Tobias alikuwa amelala na mfupa umechungulia nje ya ngozi, lakini mtani amesema, basi akajibu. Konstebo alisikiliza hadi mwisho, na kwa hilo astahili sifa yake. Kisha akasema kwao hakuna kitu kama hicho, na kwamba yeye huandika alichokisikia, haandiki kilichokusudiwa.

"Basi andika na hili la utani," Josepha akasema.

"Hilo sikulisikia pale. Umeniambia wewe, na wewe hukuwepo."

Josepha akajiandaa kuondoka. Akiaga alilitazama lile jicho. Mke wa mrina asali hana haja ya kuuliza nini kimeuma jicho la mtu. Akamwambia alikande kwa maji ya chumvi na amtafute mtu amtoe mwiba, la sivyo hadi Jumapili litakuwa bado limefumba. Konstebo akashukuru bila kumtazama. Josepha akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akashika njia ya hospitali.

*

Jambo lenyewe halikuwa na utata kwa aliyeliona. Tobias alikuwa anakwenda Tabora na debe la asali nyuma ya baiskeli, anapita ukingoni, kushoto kwake, yaani upande wa magharibi, ambako baiskeli zimekanyaga miaka na miaka hadi ardhi ikawa ngumu. Katikati ya barabara ya Sikonge, mwezi wa Julai, ni mchanga mtupu. Shomari alikuwa nyuma yake hatua kama mia, amesimama kurudisha mnyororo uliochomoka. Walikuwa wameamkia kijiji kimoja, yule akiuza madebe na huyu akiyajaza. Raymundi, karani wa nyumba moja ya biashara inayonunua nta, alikuwa anatoka mjini kwa pikipiki. Ilipoanza kuyumba mchangani aliiacha njia yake, akavuka, akaifuata ile ardhi ngumu ya baiskeli upande usiokuwa wake. Kwenye kona akakutana na Tobias.

Yaliyofuata yalifanywa kwa huruma, na ndiyo yaliyoharibu mambo. Jua lilikuwa kali na kivuli kilikuwa upande wa mashariki tu. Shomari na Raymundi walimbeba Tobias wakamvusha kivulini. Wakavusha baiskeli, wakavusha na pikipiki, magari yapate kupita. Saa nzima baadaye likaja lori la mbao, na konstebo yuko juu yake anarudi kutoka safari nyingine. Alikuta watu na vyombo vyote viko mashariki, upande wa Raymundi. Akapima huko, akachora huko, na walipokuwa wakimpakia majeruhi akaandika utani huko. Kilichobaki magharibi ni debe lililopasuka na asali yake, kwa kuwa asali iliyomwagika haibebeki.

Hospitali walisema mguu utapona, ila utakuwa mfupi kwa inchi mbili, na kwamba mgonjwa asitarajie kupanda mti. Tobias aliyapokea maneno hayo akitazama dari. Alikuwa na mizinga sitini juu ya miti, mingine mwendo wa siku nzima ndani ya pori. Kila shilingi iliyoingia nyumbani kwake, ada ya Pelagia shuleni, chumvi, kodi, ilishuka kutoka juu ya mti kwa kamba.

"Nitakuwa naitazama kutoka chini," alimwambia mkewe, "kama mwizi anayeogopa."

Josepha ndiye aliyewaza juu ya cherehani. Utotoni Tobias aliwahi kufundishwa kushona misheni, na mikono haikuwa imevunjika. Katika duka moja la mjini aliiona cherehani ya mkono, ya kuzungusha gurudumu, isiyotaka miguu hata kidogo. Aliuliza bei, akaambiwa, akasema ahsante, akatoka. Tangu siku hiyo kila alichokifanya alikifanya kwa ajili ya cherehani ile. Aliposema haki alimaanisha hiyo.

*

Mzee Saidi alikuwa mwandishi wa barua pale barazani karibu na soko. Alikuwa na mashine ya kuchapa iliyokosa herufi ya "k", naye aliiongeza kwa kalamu kila neno, kwa subira. Alimwambia Josepha kwamba polisi hawatamshtaki karani, kwani majeruhi amekiri. Lakini kila pikipiki sheria inailazimisha kuwa na bima, na bima ina fedha. Ikithibitika kwamba kosa ni la Raymundi, bima italipa. Isipothibitika, hata nauli ya lori lililombeba Tobias hailipwi na mtu.

Barua ya kwanza ilijibiwa baada ya wiki tano. Mzee Saidi aliisoma mara mbili kimya kabla ya kuisoma kwa sauti. Wenye bima walisikitika kwa yaliyompata mdai, ila walitaka kukumbusha kwamba mdai mwenyewe, mbele ya askari, alisema amelewa na kwamba ndiye aliyegonga.

"Wamesikitika," Josepha alirudia.

"Wameanza hivyo, mwanangu. Huwa wanaanza hivyo."

Akamwandikia barua ya pili, akachukua malipo ya ukurasa mmoja kwa kurasa mbili. Josepha alimlipa kwa kibuyu cha asali, ya mwisho waliyokuwa nayo ndani.

Raymundi mwenyewe alikuja kijijini Jumapili moja baada ya misa. Watu waliomwona akipita walidhani amekuja kupatana. Alivaa koti, alikaa kwenye kigoda magoti yakamfika kifuani, akasalimu kwa Kinyamwezi kama mtoto wa nyumbani, na kweli alikuwa mtoto wa nyumbani. Mama yake alizaliwa ng'ambo ya kijito. Alileta ratili tano za sukari ndani ya mfuko wa karatasi. Tobias, aliyekuwa ametoka hospitali juma lililotangulia na kulazwa chumba cha ndani, alijifanya amelala.

Walizungumza habari za mvua, wakazungumza habari za padri mpya. Josepha ndiye aliyechoka kwanza.

"Raymundi, wewe ni Mnyamwezi. Yale maneno ulikuwepo ukayasikia. Unajua ni maneno gani."

"Najua, dada."

"Basi waambie."

Raymundi aliutazama mfuko wa sukari kama vile ameuona sasa hivi. "Mimi najua," akasema. "Bima haijui. Nikiwafundisha, kazi sina, na nina watoto wanne." Akausogeza mfuko kwa kidole. "Siku ile niliogopa. Hata sasa naogopa. Nisingekuja kama si hivyo."

Alipoondoka, Josepha alitaka kuitupa ile sukari mtoni. Lakini watoto walikuwa wameshauona mfuko. Walikunywa chai tamu wiki nzima, naye alikunywa pamoja nao, na ilikuwa tamu.

*

Siku ya kesi ilipopangwa, mwezi wa Novemba, Mzee Saidi alimwita Josepha pembeni, mbali na wateja wengine. Alisema kuna tundu moja na lazima lizibwe. Shahidi wao ni mmoja tu, Shomari. Ndiye aliyeona pikipiki ikivuka. Wenye bima wamemwagiza wakili kutoka Mwanza, na wakili huyo keshaambiwa habari za utani. Josepha akisema yale maneno yalikuwa utani, wakili atauliza utani ni nini. Ataambiwa ni watu wanaozikana, wanaochukuliana kuku bila kuombana, wasioweza kushtakiana. Basi, atasema, huyo ni ndugu, na ushahidi wa ndugu una thamani gani?

"Na tukisema hakuna utani?"

"Yale maneno yatabaki, lakini tutasema ni ya mtu mwenye maumivu. Mtu aliyevunjika mfupa husema lolote. Na Shomari atakuwa mpita njia tu, hana sababu ya kumpendelea mtu." Mzee Saidi aliipangusa mashine yake kwa kitambaa. "Atakuwa na Msahafu mkononi, Josepha. Kamwombe wewe. Mimi ni Mwislamu mwenzake, siwezi kumwomba jambo hilo."

Shomari alikuwa na kibanda chake nyuma ya soko, kimejaa madebe, vibatari na makarai. Alikuwa analehemu mfuniko. Alipomwona Josepha aliinua sauti ili majirani wasikie, kama ilivyo desturi yake. "Mke wangu huyo! Umemwacha yule kilema? Nilikuambia tangu mwanzo, ulikosea mlango."

Siku zote Josepha angejibu kwamba afadhali kilema wa Unyamwezi kuliko mzima wa Uzaramo asiyejua hata kulima. Siku hiyo alikaa juu ya debe lililopinduliwa, akamweleza jambo lote tangu mwanzo hadi mwisho. Moshi wa lehemu ulimwingia machoni, naye hakusogea.

Shomari aliweka chuma chake juu ya makaa.

"Unataka niape kwamba mimi si mtani wake."

"Nataka useme ulichokiona barabarani. Lakini wakiuliza hilo, ndiyo."

"Tobias anajua umekuja?"

"Hajui. Angekataa."

Shomari aliugeuza ule mfuniko, akautazama upande wa pili. Alisema baba yake alizikwa na Wanyamwezi hapahapa Tabora. Waliingia kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe mbuzi, na mama yake, aliyekuwa amelia siku tatu mfululizo, akacheka hadi akaketi chini. "Nilidhani na mimi nitazikwa hivyo," akasema. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayehesabu vyombo kabla ya kuhama.

"Hawezi kupanda mti tena, Shomari."

"Najua. Mimi ndiye niliyemshika ule mguu." Akachukua chuma chake tena. "Nenda nyumbani. Siku hiyo nitakuja."

*

Mahakama ilikuwa chumba kirefu chenye picha ya Malkia ukutani, bado mpya, na benchi ambalo mwisho wake mmoja ulikuwa umevunjika. Tobias aliketishwa upande uliovunjika kwa kuwa upande mzima ulikuwa wa wakili na makaratasi yake. Hakimu alikuwa Mzungu mnene mwenye mafua. Mkalimani alikuwa na tabia ya kufupisha. Mtu akisema maneno hamsini, yeye alisema kumi.

Tobias alieleza yake. Wakili alimsomea yale maneno ya daftarini, akamuuliza kama aliyasema. Tobias akasema aliyasema. Akaulizwa kama siku ile alikunywa wanzuki. Akasema hakunywa. Akaulizwa, basi kwa nini alimwambia askari amelewa? Tobias alimtazama Shomari aliyekuwa amesimama mlangoni, akafumbua kinywa, na Josepha aliona wazi kabisa neno lililokuwa linakuja. Mzee Saidi, aliyekuwa amemwagiza ataje maumivu tu, alikohoa. Tobias akasema mguu ulikuwa unamuuma.

Shomari aliitwa. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya Ijumaa. Aliupokea Msahafu kwa mikono miwili, akaapa. Akaeleza alivyoona: mchanga, pikipiki ikivuka, kona, debe likipasukia ukingo wa magharibi. Alieleza vizuri, bila kuongeza kitu. Kisha wakili akasimama.

"Wewe ni Mzaramo."

"Ndiyo."

"Na mdai ni Mnyamwezi. Kuna utani kati yenu?"

Chumba kizima kilikuwa cha watu wa Tabora. Hakuna hata mmoja asiyejua jibu. Raymundi, aliyekuwa ameketi nyuma ya wakili wake, aliinamisha uso akaanza kuchunguza kucha zake. Angeweza kumnong'oneza wakili. Hakumnong'oneza.

"Wengine wanao," Shomari akasema. "Mimi na mtu huyu hatuna. Hapana utani kati yangu na yeye."

"Hapana kabisa?"

"Wallahi, hapana."

Tobias aligeuza kichwa. Hakumtazama Shomari, alimtazama Josepha, na akaendelea kumtazama. Josepha alitazama picha ya Malkia. Wakili akauliza, kama hapana utani, kwa nini shahidi alimwambia mtu aliyeumia kwamba amelewa? Shomari akajibu kwamba alikisia, na alikisia vibaya. Wakili akatabasamu, akaketi. Yalikuwa majibu ya mtu anayegeuza maneno, na hata Josepha aliyeyaomba aliona hivyo.

Raymundi alisema kwa sauti ndogo kwamba baiskeli iliyumba ikaja upande wake. Mwisho akaitwa Konstebo Wenceslaus asome daftari lake, akasoma kama alivyosoma siku ya kwanza. Kesi ilikuwa imekwisha. Watu walianza kutafuta kofia zao.

Hakimu alipenga kamasi, akachukua ule mchoro wa konstebo, akaugeuza huku na huku. Akauliza mbona upande wa mashariki umepimwa vizuri kwa hatua na upande wa magharibi umeachwa mweupe.

Konstebo akasimama wima zaidi. "Upande ule nilishindwa kupima, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Nyuki, mheshimiwa."

Mkalimani alilifupisha hilo vizuri kabisa. Hakimu akaweka kalamu chini. Akauliza nyuki gani, wangapi, walikuwa wanafanya nini. Konstebo, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo hilo na mwenyewe hakuona kwamba linafaa kuandikwa kwenye daftari la serikali, akaeleza. Alikuwa amevuka barabara kwenda kupima ukingo wa magharibi. Alikuta debe limepasuka na ardhi imelowa asali kiasi cha hatua nne, tangu penye kona hadi penye majani, na nyuki wameifunika yote. Mmoja alimuuma jichoni. Akarudi mashariki.

"Na katikati ya barabara? Kulikuwa na asali?"

"Hapana, mheshimiwa. Mchanga mkavu."

"Upande wa mashariki?"

"Hata tone, mheshimiwa."

Mbele ya macho ya Josepha chumba kilikwenda mbali kidogo, kikarudi. Alikuwa amesimama mbele ya jicho lile mwezi wa Julai. Alikuwa amelitazama, akalitambua, akalitolea na dawa. Alichotakiwa kufanya ni kuuliza tu: uliumwa wapi?

*

Hukumu ilitolewa baada ya chakula cha mchana. Mkalimani hakuifupisha sana, kwa kuwa hakimu alikuwa anamsubiri. Hakimu alisema maneno ya mdai daftarini ameyaweka kando. Mtu ambaye mfupa wake uko nje haulizwi maswali, na akisema kitu hakiandikwi. Ushahidi wa fundi bati nao ameuweka kando wote, kwa sababu shahidi huyo aliwahi kusema hivi na leo amesema vile, na mahakama haiwezi kujua ni lini alisema kweli. Ameamua kwa asali peke yake. Debe lilipasukia magharibi, na magharibi palikuwa mahali pa mdai. Mdai alipwe shilingi mia sita na ishirini.

Watu walipiga makofi, wakanyamazishwa. Mzee Saidi aliushika mkono wa Josepha akautikisa. Josepha aligeuka kumtafuta Shomari amweleze, lakini Shomari alikuwa ameshatoka. Alikwenda zake mara tu neno lile la kuweka kando lilipotafsiriwa. Alikuwa na madebe ya mteja hayajakwisha.

Njiani kurudi, wakiwa wamepakiwa kwenye lori, Tobias alikaa na magongo yake mapajani. Walipopita ile kona hakugeuza kichwa. Maili mbili mbele ndipo aliposema.

"Ulimwendea wewe."

"Nilimwendea mimi."

"Na haikuhitajika."

"Sikujua, baba Pelagia. Jicho nililiona, lakini sikujua."

Tobias hakuuliza jicho gani. Alikuwa amesikia mahakamani.

*

Fedha zilikuja Februari. Raymundi alirudi kazini; kampuni yake ilimnyang'anya pikipiki ikampa baiskeli, naye akawa anapita barabara ile ile ya Sikonge akisukuma mchangani kama watu wengine. Cherehani iliwekwa barazani, penye mwanga. Tobias alianza na magunia, akaja kwenye kaptura za shule, na kabla ya Pasaka akashona gauni la kipaimara la mtu. Mizinga alimpa binamu yake, Bundala, aipandie na kugawana asali nusu kwa nusu. Walikula. Pelagia alirudi shuleni. Kwa hesabu yoyote ya nyumbani, mambo yalikwenda vizuri.

Shomari hakuja. Kwa miezi saba hakuja kuuza madebe upande ule, ingawa watu walimwona akipita kwenda vijiji vingine. Siku za gulio Tobias alikuwa anaikunjua shingo kila baiskeli inapolia kengele, kisha anarudi kwenye mshono wake.

Asali ya Juni iliposhuka, Josepha alijaza kibuyu cha kwanza akakipeleka mjini mwenyewe. Alikuwa amejiandaa tangu nyumbani. Alisimama mlangoni mwa kibanda akapaza sauti hadi muuza samaki wa jirani akageuka: "Mzaramo mvivu we! Mwaka mzima unajificha, unaogopa kudaiwa mahari yangu? Njoo upokee asali, ulambe na vidole, kwenu hamjaiona."

Jirani akacheka. Shomari aliinuka, akajifuta mikono kwa kitambaa, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, Mama Pelagia," akasema. "Mmefanya jambo kubwa. Watoto hawajambo?"

Tangu siku aliyoolewa, mtu huyu alikuwa hajawahi kumwita jina hilo. Josepha alisimama na mikono mitupu, hajui pa kuiweka.

"Shomari. Hakuna polisi hapa. Nimekutukana, nijibu."

"Siwezi." Aliongea taratibu, kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Nilishika Msahafu nikasema hapana. Siku ile ilikuwa uongo. Nikirudi kwenye utani, utabaki uongo mpaka nife. Nikiuacha, angalau kuanzia sasa ni kweli. Sina njia nyingine ya kuurekebisha, Mama Pelagia. Nimeitafuta." Akakiweka kibuyu juu ya rafu, mahali pa heshima, mbali na makaa. "Mzee hajambo? Mguu je?"

"Hajambo."

"Mpe pole. Mwambie namwombea kwa Mungu."

Josepha alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Tobias alikuwa barazani, mkono kwenye gurudumu, anashona pindo la kitambaa cha meza cha misheni. Alimsikia mkewe akitua mzigo, akamwona akivua kanga ya kichwani akaikunja, kisha akaikunja tena.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Amesemaje?" Tayari alikuwa anatabasamu, ameweka shingo upande, kama mtu anayesubiri kofi la kirafiki. "Amesema mguu wangu sasa unafaa kupikia ugali?"

Josepha alitaka kumtungia tusi. Njia nzima alikuwa amejaribu, na alikuwa anayajua matusi yote ya Shomari, yangejaza kapu. Lakini tusi la mtani halitungwi na mke.

"Amesema pole," akamwambia.

"Pole?"

"Pole. Na anakuombea kwa Mungu."

Tobias aliitazama barabara. Tabasamu lilikaa usoni mwake kitambo kidogo baada ya sababu yake kuondoka. Kisha alirekebisha kitambaa chini ya sindano, akakivuta kilingane, na akaanza tena kuzungusha gurudumu.